Kuangalia Virunga kutoka angani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa watu wa Goma na vijiji vya jirani: wanafunzi wa jiografia, wakulima wa Kibumba na Rugari, watangazaji wa redio za mtaani, vijana wanaotaka kujifunza kazi ya ramani. Mengi yanahusu Hifadhi ya Taifa ya Virunga, kwa kuwa ndiyo iliyo mlangoni mwetu. Mwenye haraka aanze na swali la makala, yaani mkaa wa kupikia. Hilo ndilo tunaloulizwa kuliko yote.

## Mambo ya msingi

Satelaiti inajuaje kwamba hapa ni msitu na pale ni shamba?

Inapima mwanga wa jua unaorudi kutoka ardhini. Jani bichi humeza mwanga mwekundu ili lijitengenezee chakula, na hurudisha kwa wingi mwanga wa infraredi ambao jicho la mtu halioni. Udongo uliolimwa hurudisha yote miwili kwa kiasi kinachokaribiana. Maji humeza karibu infraredi yote. Kompyuta huchukua infraredi, hutoa mwekundu, kisha hugawanya kwa jumla ya yote miwili. Inapatikana namba kati ya −1 na 1, inayoitwa NDVI. Msitu mnene wa mlima Mikeno huwa karibu na 0.8, lava mpya huwa karibu na sifuri.

Namba hiyo peke yake haitoshi. Shamba la maharagwe lililostawi linaweza kuwa na kijani sawa na cha msitu. Ndiyo maana tunafuata mahali palepale mwaka mzima: maharagwe yatavunwa na udongo utaonekana, msitu utabaki vilevile.

Je, mnaweza kuniona mimi, gorila, au nyumba yangu?

Kwa picha za bure, hapana. Pikseli, yaani kijisanduku kimoja cha picha, ya satelaiti za Sentinel-2 inafunika mita 10 kwa 10, na ya Landsat mita 30 kwa 30. Nyumba ya mbao ya mtaa wa Majengo inaingia ndani ya pikseli moja pamoja na ua, choo na mti wa parachichi wa jirani, na vyote vinatoka rangi moja iliyochanganyika. Picha za kununua, za nusu mita au chini yake, zinaonyesha paa na gari, lakini hata hizo hazimtambui mtu.

Gorila haonekani kwa picha yoyote, maana anaishi chini ya majani. Wanaohesabu gorila wanapanda mlima kwa miguu na kufuata viota. Satelaiti inatuambia kama nyumba yake bado ipo.

Picha zinauzwa bei gani, na nani anaruhusiwa kuzitumia?

Landsat, ya Marekani, ni bure kwa kila mtu tangu 2008. Sentinel, za Ulaya, zimekuwa bure tangu mwanzo. Huhitaji kibali wala barua ya mapendekezo. Kinachokula pesa ni mega za intaneti: kipande kimoja cha Sentinel-2 kinaweza kufika gigabaiti moja. Namna ya kukwepa mzigo huo iko chini, kwenye swali la kompyuta.

Mnaweza kurudi nyuma hadi mwaka gani?

Landsat ya kwanza ilirushwa 1972, lakini picha za eneo letu za miaka hiyo ni chache na hazina undani. Kuanzia Landsat 5, iliyorushwa 1984, kazi inakuwa ya kuaminika. Sentinel-2 ilianza Juni 2015. Mbuga yenyewe ilianzishwa 1925, kwa hiyo karibu nusu karne ya maisha yake haina picha ya satelaiti hata moja. Kwa miaka hiyo tunategemea picha zilizopigwa na ndege wakati wa ukoloni na kumbukumbu za wazee. Wazee wanaoweza kuonyesha kwa kidole mahali ambapo msitu uliishia zamani wanapungua, na mtu yeyote anayefanya kazi hii awatembelee sasa.

Mbona picha za 2005 au 2008 zina mistari myeusi?

Hizo ni za Landsat 7. Mwishoni mwa Mei 2003 kifaa chake kimoja kiliharibika, na tangu hapo kila picha ilipoteza karibu asilimia 22 ya eneo lake. Mistari hiyo si moto wala barabara. Huzibwa kwa kuunganisha picha za tarehe tofauti za msimu mmoja.

## Mawingu na misimu

Kwa nini picha nyingi za Virunga ni nyeupe tupu?

Mawingu. Landsat na Sentinel-2 hupita kwetu asubuhi kati ya saa nne na saa tano, na saa hizo Mikeno na Karisimbi huwa tayari vimejifunika. Mtu anayeishi Goma anajua: ukitaka kuuona mlima, amka mapema.

Juni hadi Agosti, wakati wa kiangazi, ndipo picha safi zinapatikana, pamoja na kiangazi kifupi cha Januari na Februari. Hata hivyo moshi wa mashamba yanayochomwa hutia ukungu. Sisi huchukua picha zote za msimu mmoja, tukafuta mawingu kwenye kila moja, na kwa kila pikseli tukabakiza thamani ya katikati. Matokeo ni picha moja safi ambayo haikupigwa siku yoyote. Inafaa kulinganisha mwaka na mwaka. Haifai kuthibitisha jambo lililotokea Jumanne fulani.

Rada ina tofauti gani?

Rada haingoji jua. Inatuma mawimbi yake yenyewe, yanapenya mawingu, usiku na mchana, kisha inasikiliza yanavyorudi. Sentinel-1 ndiyo rada ya bure, na imekuwa ikifanya kazi tangu 2014. Kwa kanda yenye mvua kama yetu ni msaada mkubwa: mti ukianguka Novemba hatungoji hadi Juni kujua.

Ugumu wake ni milima. Miteremko mikali ya volkano inatupa vivuli na kupotosha mawimbi, hivyo upande mmoja wa mlima unaonekana unang'aa na mwingine hauonekani kabisa. Mvua iliyonyesha saa moja kabla nayo hubadilisha ishara. Mwanafunzi asianze na rada. Aizoee picha ya kawaida kwanza.

Kijani kimepungua kati ya Mei na Julai. Je, ni ukataji?

Mara nyingi ni kiangazi tu, hasa kwenye savana ya Rwindi. Linganisha Julai na Julai, usilinganishe Mei na Julai. Kosa hili limezaa taarifa nyingi za "janga" ambazo mvua ya Septemba ilizifuta.

## Kinachobadilika Virunga

Je, satelaiti inaona watu wanaochoma makala?

Inaona kidogo, na kwa kuchelewa. Jibu hili linahitaji nafasi.

Anayefyeka kulima anaondoa kila kitu. Kwenye picha kinatokea kipande chenye pembe, cha rangi ya udongo, na hakuna wa kubisha. Mchoma makala hafanyi hivyo. Anachagua miti migumu, anaikata, anaipanga, anaifunika kwa majani na udongo, anawasha, anakaa siku kadhaa akilinda tanuru lisilipuke moto. Akiondoka, pengo lililobaki kati ya miti ni dogo, na mimea inayotambaa na vichaka vinaliziba kabla ya msimu mmoja kwisha. Kwenye pikseli ya mita 10 namba inashuka kidogo tu kisha inapanda tena. Tukiitazama picha moja moja, msitu unaonekana mzima.

Tanuru lenyewe nalo halionekani kirahisi. Satelaiti zinazotafuta moto hutumia pikseli ya mita 375 au kilometa moja, na tanuru limefunikwa udongo makusudi ili joto lisitoke.

Kinachosaidia ni kufuata kila pikseli kwa miaka na kuhesabu mishuko midogo. Mahali panaposhuka na kupanda mara nne ndani ya miaka mitano, miti mikubwa imeshaisha hata kama kijani kipo. Pia tunatafuta njia. Makala lazima yatoke msituni, na njia ya wabebaji, hata iwe nyembamba, inaacha mstari kwenye picha za undani mkubwa. Doa jeusi la vumbi la makala pembeni mwa uwazi mdogo, na njia inayoelekea barabarani: hiyo ndiyo alama tunayoitafuta kuelekea Tongo na kwenye miteremko ya Nyamulagira.

Baada ya hapo kazi ya picha imekwisha. Haitasema nani alikata, nani alimtoza pesa njiani, wala kwa nini mama wa Goma ananunua gunia hilo. Ananunua kwa sababu lazima apike leo. Jiji hili linapika kwa makala, na ramani yoyote ya msitu inayosahau majiko ya Goma ni nusu ya ramani.

Kirolirwe, 2004, kulitokea nini?

Ndio mfano unaofundishwa zaidi. Kati ya Mei na Juni 2004, karibu hekta 1,500 za msitu wa sekta ya Mikeno, makazi ya gorila wa milimani, zilifyekwa kwa ajili ya kilimo na malisho. Picha za satelaiti zilisaidia kuonyesha ukubwa wa eneo, na baadaye ukuta wa mawe ukajengwa kwenye mpaka. Ufyekaji wa aina hiyo, wa haraka na wa wazi, satelaiti inaukamata bila shida. Ulinganishe na jibu la makala hapo juu, utaelewa kwa nini namba za "msitu uliopotea" huwa ndogo kuliko uharibifu wenyewe.

Na kambi za wakimbizi na waliohamishwa?

Picha za kabla na baada ya Julai 1994 zinaonyesha wazi ukingo wa msitu ukiliwa kuzunguka Mugunga, Kibumba na Katale, ambako mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walikaa hadi 1996 wakitafuta kuni kila siku. Mwaka huohuo wa 1994 UNESCO iliiweka Virunga kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Kambi za miaka ya karibuni, kama Kanyaruchinya na Bulengo, nazo zilionekana kwenye picha: paa za turubai ziling'aa.

Tunaomba jambo moja kwa wanaoandika juu ya hili. Picha inaonyesha kuni zilikatwa. Haionyeshi vita iliyowafukuza watu mashambani kwao. Ukichapisha ya kwanza bila ya pili, umemshtaki aliyekimbia.

Lava inasomekaje kwenye picha?

Vizuri mno, na hapa Goma tuna darasa ambalo wengine wanalisafiria mbali. Lava ya Nyiragongo ya 17 Januari 2002, iliyopita uwanja wa ndege hadi katikati ya mji, na ile ya 22 Mei 2021, iliyosimama upande wa Buhene, zinaonekana kama ndimi nyeusi zinazoshuka kusini. Nyamulagira imemimina mara nyingi zaidi, na lava yake ya 1938 hadi 1940 ilifika Ziwa Kivu karibu na Sake.

Panga lava hizo kwa umri uone mimea inavyorudi. Mpya ni nyeusi. Baada ya miaka michache inakuwa ya kijivu cheupe, na anayepita kwa miguu anajua sababu: kuvu-mwani aitwaye *Stereocaulon* ameifunika, mgumu na mkavu, akivunjika chini ya kiatu. Kisha kangaga wanatokea kwenye nyufa, halafu vichaka. Ndani ya picha NDVI inapanda hatua kwa hatua, haraka zaidi chini kwenye joto na mvua, polepole juu kwenye baridi. Programu isiyojua historia hii itaandika "msitu uliopotea" mahali ambapo mlima ulifanya kazi yake. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya ramani yoyote ya huku ni kutenga lava, kila moja na mwaka wake.

Gesi ya volkano nayo hukausha mimea upande upepo unakoelekea. Wakulima wa Rusayo wanaijua mvua inayochoma majani ya maharagwe. Ukiona kijani kimeshuka kwenye eneo pana lisilo na kingo, fikiria gesi kabla ya panga.

Je, picha zinaweza kutabiri mlipuko?

Hapana, na yeyote anayeahidi hivyo asisikilizwe. Rada inaweza kupima ardhi ikiinuka au kufunguka kwa sentimita. Baada ya 22 Mei 2021 vipimo vya Sentinel-1 vilionyesha kwamba magma ilikuwa imejipenyeza chini ya mji kuelekea ziwani, na vikasaidia kueleza matetemeko yaliyotutesa siku zile. Kwa usalama wako sikiliza Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma, OVG.

Savana na barafu, je?

Kwenye savana ya kusini mwa Ziwa Edouard viboko walikuwa zaidi ya 25,000 miaka ya 1970, wakapungua hadi chini ya 1,000 kwa sababu ya ujangili. Wanyama wakubwa wanaokula nyasi wakipungua, vichaka vinapata nafasi. Mabadiliko hayo yanakwenda polepole na yanahitaji picha za miaka mingi.

Barafu ya Ruwenzori ilikuwa karibu kilometa za mraba 6.5 mwaka 1906, na kufikia mwanzo wa miaka ya 2000 ilikuwa imebaki chini ya moja. Kuipima, chagua picha ya kiangazi, maana theluji ya jana hufanana na barafu ya miaka mia.

## Kufanya mwenyewe

Nina kompyuta ndogo na intaneti ya simu. Naweza?

Ndiyo. Google Earth Engine inafanya hesabu kwenye mashine zake, wewe unapakua matokeo tu, pengine mega chache. Kwa kuchora ramani tumia QGIS, ni bure. Kwa asiyetaka kuandika hata mstari wa programu, Global Forest Watch inaonyesha tahadhari za ukataji, zikiwemo za rada. Kwa mafunzo, OSFAC ya Kinshasa inashughulikia hasa misitu ya Afrika ya Kati kwa satelaiti.

Goma na Nyiragongo viko kwenye kipande 35MQU cha Sentinel-2. Kwa Landsat tafuta njia 173, safu 61. Kumbuka mbuga inavuka ikweta: katika UTM, mfumo wa vipimo vya ramani, kusini ni kanda 35 Kusini, kaskazini ni kanda 35 Kaskazini. Wanaosahau hupata ramani iliyokatika katikati.

Mpaka wa mbuga nautoa wapi?

Usichukue faili la kwanza unalolikuta. Mipaka rasmi ni maneno ya dikri ya 12 Novemba 1935: mto huu, kilima kile, mstari ulionyooka hadi pale. Mito imehama, majina yamebadilika. Mafaili yanayozunguka intaneti hutofautiana kwa mamia ya mita, na kwenye vijiji ambako watu na ICCN, taasisi ya serikali inayosimamia mbuga, wamegombana kwa miaka, mita mia mbili ni shamba la familia nzima. Andika kwenye ramani yako umetumia mpaka upi, na usichore mstari mwembamba mwekundu kana kwamba hauna mjadala.

Nitajuaje ramani yangu ni ya kweli?

Chagua nukta kwa bahati nasibu, nyingi kiasi katika kila aina ya ardhi, uziangalie moja moja kwenye picha ya undani zaidi au kwa miguu. Usichague nukta unazozijua, zitakupendelea. Pia usijumlishe pikseli tu na kuita hesabu hiyo eneo. Makosa madogo ndani ya msitu mkubwa huzidi ukataji wenyewe. Tumia nukta zako kurekebisha eneo na utoe kiwango cha shaka pamoja na namba.

Mbona ramani mbili zinatoa hekta tofauti?

Kwanza uliza kila moja inaita nini msitu. Kongo inatumia mti wa mita 3 kwenda juu na majani yanayofunika asilimia 30 ya ardhi, katika eneo lisilopungua nusu hekta. Wengine wanaanza mita 5. Mianzi ya Mikeno inaingia au inatoka kulingana na swali hilo tu.

## Maswali magumu

Mikaratusi na kakao zinaonekana kama msitu. Tufanyeje?

Mikaratusi ina kingo zilizonyooka na hukatwa yote siku moja, halafu inachipua tena. Ukiona mzunguko huo nje ya mpaka, mshukuru mkulima: anapunguza mzigo wa mbuga. Huo ndio ulikuwa mpango wa EcoMakala wa shirika la uhifadhi la WWF, ulioanza 2007.

Kakao ya upande wa Beni ni ngumu zaidi. Inapandwa chini ya miti mikubwa iliyoachwa, na kutoka juu unaona miti hiyo. Hadi leo hatuna njia ya kuitegemea bila kwenda shambani, na kule hakwendeki kila siku.

Picha inaweza kumfunga mtu?

Inaweza kuthibitisha kwamba mahali fulani palifyekwa kati ya tarehe mbili. Sheria namba 14/003 ya 11 Februari 2014 kuhusu uhifadhi inakataza uharibifu ndani ya mbuga, lakini kosa ni la mtu, na picha haina mtu. Tumekataa, na tutaendelea kukataa, kuandika jina la kijiji kama mkosaji kwa sababu ya pikseli zilizo karibu nacho.

Tahadhari imetoka leo. Nani aende kuhakiki?

Asiende mwanafunzi, wala mwandishi peke yake. Zaidi ya walinzi 200 wameuawa katika historia ya mbuga hii. Peleka taarifa ICCN na kwa viongozi wa eneo, na kama mahali hapafikiki, andika kwenye ramani "haijahakikiwa". Droni nayo siyo njia ya mkato: bila kibali, katika anga lenye vita, unaweza kudhaniwa adui.

Je, nichapishe kila kitu nilichopata?

Hapana. Eneo la ukataji la mwezi uliopita, chapisha. Usichapishe njia za doria, viota vya gorila, wala mahali ambapo familia zimejificha msituni zikikimbia risasi. Picha zinaonyesha vibanda vya familia hizo wakati mwingine. Sisi tunaviacha nje ya ramani.

Njia hizi zinafaa Kahuzi-Biega au Upemba?

Kahuzi-Biega, karibu na Bukavu, ndiyo, kwa tahadhari zilezile za mawingu na milima. Angalia hasa ushoroba mwembamba unaounganisha sehemu ya juu na ya chini. Upemba na Kundelungu, huko Katanga, ni miombo: miti inapukutisha majani na moto unapita karibu kila mwaka. Kule usihesabu moto kama hasara. Angalia ulitokea mwezi gani, kwa kuwa moto wa Septemba, nyasi zikiwa zimekauka kabisa, unaua miche ambayo moto wa Juni ungeiacha.